Vitufe Chini ya Vidole

Itazame kibodi ya kompyuta, msomaji, nawe usiiguse kwanza. Safu ya juu ya herufi yaanza mkono wa kushoto kwa Q, kisha W, E, R, T na Y. Ukiuliza kwa nini herufi zimepangwa hivyo, wala hazikupangwa kwa taratibu ya alfabeti uliyoimba ulipokuwa mtoto, aghalabu utajibiwa kuwa ndivyo zilivyo. Jibu hilo halitoshi. Kila kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu kina asili yake, na asili ya ubao huu wa vitufe imepita sasa miaka mia moja na hamsini. Nataka tuifuate, mimi nawe, kwa sababu ambayo si ya udadisi mtupu. Shule nyingi zetu zina kompyuta kuukuu, zilizofanya kazi katika ofisi za watu wengine kabla ya kuletwa darasani. Siku moja kibodi ya mojawapo itakufa, nawe utatumwa kutafuta nyingine. Asiyejua asili ya kitu hukinunua kwa rangi yake, na rangi ya kibodi haijapata kumwondolea mtu maumivu ya mkono.

Katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, alikuwako bwana mmoja aitwaye Christopher Latham Sholes. Alikuwa mpiga chapa na mhariri wa magazeti. Katika miaka ya 1860 alishughulika pamoja na mwenzake, Samuel Soule, kutengeneza mashine ya kupiga nambari juu ya kurasa. Mtu wa tatu, Carlos Glidden, alipoiona aliwauliza: ikiwa yaweza kupiga nambari, yashindwaje kupiga herufi? Swali hilo lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lakini ndilo lililoota. Tarehe 23 Juni 1868 watu hao watatu walipewa hataza, yaani cheti cha serikali cha kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya mashine ya kuandikia.

Vitufe vya mashine zao za kwanza vilifanana na vile vya piano, na herufi zilifuata taratibu ya alfabeti. Masalio yake yangali chini ya vidole vyako. Isome safu ya kati: D, F, G, H, J, K, L. Ni alfabeti iliyong'olewa meno mawili, E na I, ambayo yamehamishiwa safu ya juu.

Fedha za kazi zilitoka kwa James Densmore, mtu mkali wa maneno na asiyeridhika upesi. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mashine wapewe watu wa kazi wazijaribu. Mmoja wao, James Clephane wa Washington, aliyekuwa mwandishi wa hati mkato, aliziharibu moja baada ya moja kwa kuzitumia sana, na kila ilipoharibika alileta lawama zilizomchosha Sholes. Usilisahau jina la Clephane. Vitabu huwataja wavumbuzi na kuwavika mataji, lakini mtu anayelalamika kwa haki juu ya chombo naye ana fungu lake katika kukifanya kiwe chombo. Mashine ikavunjwa ikajengwa upya mara nyingi, na kila mara herufi kadhaa zilihama mahali pake.

Mwaka 1873 Densmore na Sholes walifanya mapatano na kiwanda cha E. Remington and Sons, katika mji wa Ilion, jimbo la New York. Kiwanda hicho kilikuwa cha bunduki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, na watengenezaji wa bunduki walihitaji kazi nyingine. Walikuwa wamekwisha anza kuunda vyerehani. Ndiyo maana taipureta yao ya kwanza, iliyouzwa kuanzia mwaka 1874 kwa dola 125, ilisimama juu ya meza ya cherehani, ikapambwa kwa maua, na kuwekewa kikanyagio cha kurudishia karatasi mwanzo wa mstari. Iliandika herufi kubwa tu. Tena nyundo zake ndogo za herufi ziligonga karatasi kutoka chini, hata mwandishi hakuyaona maneno aliyokuwa akiyaandika mpaka mistari kadhaa ipite. Haikununuliwa sana. Mashine ya pili, ya mwaka 1878, ilileta kitufe cha kubadilisha herufi ndogo ziwe kubwa, na hapo biashara ikaanza kuchangamka.

Sasa twafika penye ubishi. Huenda umepata kusikia kwamba Sholes alizipanga herufi vibaya makusudi ili kuwachelewesha wapiga taipu, kwa kuwa mashine haikuweza kwenda kwa kasi ya vidole vyao. Hadithi hii yapendwa kwa sababu yachekesha. Chanzo chake ni jambo la kweli: nyundo mbili zilizo jirani zikiinuka kwa kufuatana upesi hugongana na kunasa, na wengi husema herufi zinazoandamana mara kwa mara zilitenganishwa ili kuzuia ajali hiyo. Lakini kuzuia nyundo zisinase si kumchelewesha mwandishi. Kinyume chake, mwandishi asiyesimama kufungua nyundo zilizonasa huenda mbio zaidi. Tena shaka haikosi. E na R ni majirani wa ubavu kwa ubavu, na katika Kiingereza herufi hizo hufuatana daima. Kama nia ilikuwa kuzitenga zinazoandamana, mbona hizo ziliachwa pamoja? Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kyoto, Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, waliandika kwamba mpango huo ulitokana kwa sehemu kubwa na mahitaji ya watu wa simu za maandishi, waliozitumia mashine za kwanza kunakili habari zilizowafikia kwa alama za Morse. Nionavyo mimi, hakuna siku moja ambayo mtu aliketi akaupanga ubao wote kwa shauri moja. Ulikua kama mji wa kale unavyokua, nyumba hii ikajengwa kwa haja hii, kichochoro kile kikaachwa kwa haja ile, na baadaye wageni wakaja kutafuta ramani.

Kilichoufanya mpango huo ushinde hakikuwa uzuri wake peke yake. Zilikuwako taipureta nyingine, mathalan Caligraph, iliyokuwa na vitufe mbalimbali kwa herufi kubwa na kwa herufi ndogo. Mwaka 1888, katika mji wa Cincinnati, Louis Traub aliyeitumia Caligraph alishindana na Frank McGurrin wa Salt Lake City aliyeitumia Remington. McGurrin alikuwa mwandishi wa mahakama, naye alikuwa amejifundisha kuandika kwa vidole vyote bila kuvitazama vitufe. Akashinda wazi, na magazeti yakaeneza habari. Hebu pima: ni nani aliyeshinda siku ile, mashine au mtu? Watu wengi waliosoma habari ile waliona kuwa Remington imeshinda. Mwaka 1893 viwanda vikubwa vya taipureta vya Marekani, Remington na Caligraph vikiwamo, viliungana kuwa kampuni moja, na mpango wa Q na W ukapata nguvu zaidi. Wenye shule za kupiga taipu walifundisha ubao uliokuwa ofisini, na wenye ofisi walinunua ubao uliofundishwa shuleni. Kamba iliyosokotwa hivyo haikatiki kwa urahisi.

August Dvorak, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle, alijaribu kuikata. Mwaka 1936 yeye na shemeji yake, William Dealey, walipata hataza ya mpango mpya, ambao irabu zote tano zakaa safu ya kati mkono wa kushoto, na konsonanti zitumikazo sana katika Kiingereza zakaa safu hiyo hiyo mkono wa kulia. Alidai kwamba vidole vingesafiri kidogo na mwandishi angechoka kidogo. Majaribio ya jeshi la majini la Marekani ya mwaka 1944 yalimsifu. Majaribio yaliyofanyiwa serikali ya Marekani mwaka 1956, chini ya Earle Strong, hayakuona faida iliyostahili gharama ya kuwafundisha watu upya. Wanauchumi nao wakaingia uwanjani. Paul David aliandika mwaka 1985 kwamba ubao wa Q na W ni mfano wa kitu hafifu kinachodumu kwa kuwa kilitangulia. Stan Liebowitz na Stephen Margolis wakamjibu mwaka 1990 kwamba hafifu hiyo haijathibitishwa. Ubishi huo haujaisha. Mimi nitasema hili tu: mtu aliyekwisha zoea ubao mmoja ana mali mikononi, na si busara kumnyang'anya mali yake kwa ahadi.

Na lugha yetu je? Kiswahili hakikuwamo katika mawazo ya watu wa Milwaukee. Wakati ule watu wa pwani yetu walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Lakini tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini, isipokuwa kikato cha ng', na kwa hiyo taipureta ya Kiingereza iliweza kukiandika bila kubadilishwa hata kitufe kimoja. Q na X, ambazo hatuna kazi nazo, zimekaa bure kama viti vya wageni wasiofika. C huitwa tu inapofuatana na H. A, iliyo nyingi kuliko herufi nyingine zote katika maneno yetu, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Jaribu mwenyewe: neno upepo laandikwa lote katika safu ya juu, dada na kaka huandikwa bila vidole kuondoka safu ya kati, lakini andika anapakata, uone kidole kile kidogo kinavyotumikishwa kama punda wa chokaa. Basi Mswahili anayeandika kutwa ana sababu kubwa kuliko Mwingereza ya kutafuta kibodi ambayo vitufe vyake ni vyepesi, hasa upande wa kushoto.

Uzito wa vitufe una historia yake. Katika taipureta ya kale, kidole ndicho kilichoinua nyundo, na kazi ilikuwa ya nguvu. Mwaka 1961 kampuni ya IBM ilitoa taipureta ya umeme iitwayo Selectric, ambayo badala ya nyundo nyingi ilikuwa na tufe moja lenye herufi zote. Kidole kiliagiza tu, umeme ukafanya kazi. IBM hiyo hiyo ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, iliiwekea kibodi ya vitufe 83, na chini ya kila kitufe springi iliyojikunja ghafula na kutoa mlio, ili mwandishi asikie na kuhisi kuwa herufi imepokewa. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja kibodi ya vitufe 101, ambayo mpango wake wafuatwa mpaka leo kwa nyongeza chache. Mojawapo ya kibodi hizo, iitwayo Model M, ilikuwa nzito kama tofali, na nyingi zingali zaandika baada ya miaka thelathini na zaidi. Baadaye kompyuta zilishuka bei, na kibodi zikashuka nazo. Springi zikaondolewa, mahali pake pakatandazwa karatasi ya mpira yenye vikuba vidogo, kimoja chini ya kila kitufe. Zikiwa mpya ni laini na kimya. Mpira ukichakaa, kitufe hukwama na kidole hulazimika kusukuma mpaka chini kabisa kila mara. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa habari ya kibodi, kidonda huja baada ya unyemi kupita.

Wala sisemi kidonda kwa mfano tu. Katika miaka ya 1980, kompyuta zilipoenea maofisini, wafanyakazi wengi nchini Australia walilalamikia maumivu ya mikono, shingo na mabega, na jambo hilo likawa mashtaka na mijadala ya taifa zima. Madaktari hawakukubaliana juu ya chanzo chake. Hata hivyo mambo kadhaa hayana ubishi mwingi. Kifundo cha mkono kilichokunjwa kwa muda mrefu, ama kwa kuinuliwa juu ama kwa kupindwa kando, huzisumbua kano zipitazo ndani yake. Na kazi isiyo na mapumziko huzidisha taabu. Mjerumani Klockenberg alikwisha liona hilo mwaka 1926, alipoandika kwamba ubao ungegawanywa nusu mbili, kila nusu ikaelekezwa upande wa mkono wake. Wazo lake lilingoja sana. Microsoft iliuza kibodi ya namna hiyo kwa watu wa kawaida mwaka 1994.

Haya, sasa umetumwa mjini. Usianze na raha ya mikono. Anza na plagi, kwa kuwa kibodi isiyoingia katika kompyuta haina raha wala karaha. Tazama nyuma ya kompyuta kuukuu. Ukiona tundu kubwa la mviringo lenye matundu matano, hiyo ni ya zamani za mwaka 1981 na miaka iliyofuata. Ukiona tundu dogo la mviringo, lenye nafasi za pini sita na mara nyingi rangi ya zambarau, ni la namna iliyoanza na kompyuta za IBM za PS/2 mwaka 1987. Lile la kijani jirani yake ni la kipanya. Tundu bapa la USB lilianza mwaka 1996. Plagi kubwa na ile ndogo ya mviringo huweza kuunganishwa kwa kipande cha kubadilishia cha bei ndogo, maana ishara za umeme ni zile zile tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1984. Jihadhari na kibodi za kabla ya hapo: plagi yake huingia barabara, lakini lugha yake ni nyingine, na kompyuta haiielewi. Kibodi ya USB nayo hufanya kazi katika tundu la zambarau ikiwa tu mtengenezaji aliikusudia kusema lugha zote mbili. Kipande cha kubadilishia peke yake hakitafsiri. Na kompyuta nyingine za miaka ya 1990, ijapokuwa zina tundu la USB, huitambua kibodi ya namna hiyo baada tu ya programu kuu kuamka. Wakati zinapoamka, unapotaka kuziamuru, ni viziwi. Kwa kompyuta kama hizo chagua kibodi ya plagi ya mviringo, nawe uichomeke wakati kompyuta imezimwa, kwa maana tundu lile halikuundwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukipita.

Jambo la pili ni herufi zilizochapwa juu ya vitufe. Bidhaa kuukuu zitokazo Ulaya huja na desturi za kwao. Kibodi ya Ujerumani huweka Z mahali pa Y. Ya Ufaransa huanza A, Z, E, R, T, Y, na A yake imekaa pale tunapoitazamia Q. Waweza kuiamuru kompyuta iichukue kibodi ya Kifaransa kama ya Kiingereza, na ajuaye kuandika bila kutazama hatasumbuka. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayetafuta herufi kwa macho atapotea.

Baada ya hayo ndipo uipe mikono nafasi ya kusema. Ukiwa Nairobi, katika maduka ya Barabara ya Luthuli, au popote ulipo, usikubali kuuziwa kibodi ndani ya sanduku lililofungwa. Iweke mezani, uketi, viwiko vikae karibu na mbavu, na mikono inyooke mbele yako. Pima kwanza kimo: katika miaka ya 1980 kanuni za Ujerumani Magharibi zilitaka safu ya kati isizidi milimita 30 juu ya meza, na kipimo hicho kingali cha maana, kwa kuwa kibodi nene hukilazimisha kifundo kuinama kwa nyuma. Vile vijiguu viwili vya nyuma, ambavyo kila mtu huvisimamisha kwa mazoea, vilaze. Vikisimama huzidisha kosa hilo hilo. Kutoka kitufe hadi kitufe pawe kama milimita 19, kipimo cha kibodi kamili. Zile zilizofinywa ili ziwe ndogo huwabana wenye viganja vipana. Ikiwa kompyuta haitumiki kwa hesabu nyingi, kibodi isiyo na vitufe vya nambari upande wa kulia ina faida moja isiyotazamiwa: kipanya husogea karibu, na bega la kulia halinyooshwi kutwa.

Mwisho andika. Usiandike jina lako tu, kama wafanyavyo wanunuzi wengi. Andika ukurasa mzima wa Kiswahili, ukisikiliza kidole kidogo cha kushoto kinasema nini kuhusu A. Kisha piga kila kitufe kimoja kimoja, kuanzia pembe ya juu mpaka kile kirefu cha nafasi, ambacho ukikigonga ubavuni hakipaswi kukwama. Kama kitufe kimoja kinahitaji kugongwa mara mbili, mpe mwenye duka kibodi yake, hata akikupunguzia bei.